Uzoefu wangu na afisa ustawi wa jamii wa wagonjwa wenyeji wa asili

Mimi ni mzaliwa wa Tanga niliyeolewa katika familia ya Wakree, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili, wa magharibi ya Kanada. Tathmini hii inahusu huduma ambayo mama mkwe wangu aliipata kwa miezi kumi na minne alipokuwa akitibiwa saratani ya utumbo mpana katika hospitali moja kubwa ya mjini, ambayo sitaitaja jina kwa sababu nina ya kuilaumu pia. Huduma yenyewe ni ya afisa ustawi wa jamii aliyewekwa mahususi kwa wagonjwa wa Mataifa ya Kwanza (ambamo Wakree wamo), Wainuiti na Wametisi, yaani makundi matatu ya wenyeji wa asili wa Kanada, pamoja na jamaa zao. Haina malipo, haihitaji barua ya daktari, na mgonjwa anaweza kuiomba mwenyewe au ndugu yake akamwombea. Sisi tuliifikia kwa kuchelewa, tena baada ya mambo kuharibika.

Yaliharibika wiki ya kwanza baada ya upasuaji, alipokuja afisa ustawi wa jamii wa wodi, dada kijana mpole, mwenye kalamu na fomu iliyobanwa kwenye ubao. Hakukosa adabu hata kidogo. Aliuliza yaliyoandikwa kwenye fomu yake: mgonjwa anaishi na nani, nyumba ina vyumba vingapi, nani anapika, na wale wajukuu wawili wanalelewa na nani wakati huu bibi yao akiwa kitandani. Hapo mama mkwe akageuza uso dirishani, akavuta blanketi hadi kidevuni, na hakutoa neno tena mpaka yule dada alipoaga. Jioni alimwambia mume wangu kitu kwa Kikree, na mume wangu hakunifasiria mpaka tulipofika kwenye maegesho ya magari. Alikuwa amesema, "Wamekuja kuhesabu watoto." Usiku ule alilala na viatu miguuni, na asubuhi akataka kuondoka huku mrija wa dripu ukiwa bado mkononi.

Msomaji wa nyumbani, ambaye kwake ofisi ya ustawi wa jamii ni mahali pa kwenda kudai matunzo ya mtoto, huenda akashangaa. Kwa watu wa rika la mama mkwe wangu, afisa ustawi wa jamii ndiye aliyekuja na gari kuchukua watoto. Kwanza zilikuwako shule za bweni za kulazimishwa kwa watoto wa wenyeji wa asili, ambazo zilipitisha watoto zaidi ya 150,000 na ambazo za mwisho zilifungwa miaka ya 1990 tu. Kisha, kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980, maelfu ya watoto waliondolewa majumbani na maafisa wa serikali wakapewa familia za Kizungu, wengine wakapelekwa hata nje ya nchi. Chama cha kitaifa cha maafisa hao kiliomba radhi mwaka 2019 kwa sehemu waliyoshiriki. Mama mkwe ana la ziada: alipokuwa na miaka sita aliugua kifua kikuu, akawekwa zaidi ya miaka miwili katika mojawapo ya hospitali zilizotengwa kwa ajili ya wenyeji wa asili peke yao, akarudi kwao akiwa hawezi kusemezana na mama yake kwa sababu Kikree kilikuwa kimemtoka. Kila mtu katika familia anajua pia habari za Joyce Echaquan, mama wa Kiatikamekw, kabila jingine la wenyeji wa asili, aliyefariki tarehe 28 Septemba 2020 katika hospitali ya Joliette, Quebec, baada ya kujirekodi kwa simu huku wahudumu wakimtukana. Mtu mwenye kumbukumbu hizo hawezi kutulizwa kwa tabasamu na fomu.

Aliyetuelekeza kwenye huduma hii ni mfanya usafi wa wodi, naye mwenyewe Mkree. Afisa alikuja siku ya pili yake, mikono mitupu, bila faili, akavuta kiti kifupi ili asimtazame mgonjwa kutoka juu, kisha akajieleza: ametoka jamii gani, bibi yake ni nani, mto upi unapita karibu na kwao. Mama mkwe alimsikiliza kwa muda mrefu, halafu akauliza swali lake la kwanza tangu alazwe, nalo lilikuwa kama dada wa huyo bibi ndiye yule aliyekuwa akishona ushanga. Walizungumza ukoo kwa karibu saa nzima na saratani haikutajwa. Nilikaa pembeni nikikumbuka jinsi shangazi zangu wanavyomchambua mgeni mpaka wapate pale anapoungana nao, ndipo chai imiminwe.

Alipotaka kuinuka ndipo alisema jambo ambalo, kwangu mimi, limebeba thamani yote ya huduma hii. Alimwita Kokum, yaani bibi, kama Wakree wote wanavyomwita mwanamke wa umri ule, akamwambia kwamba yeye hafanyi kazi na idara ya watoto na hakuja kwa ajili ya wajukuu. Lakini akaongeza kwamba sheria inamlazimu, kama wafanyakazi wote wa hospitali, kutoa taarifa akisikia mtoto yuko hatarini, na kwamba ikitokea siku kama hiyo hatamficha, atamwambia yeye kwanza, uso kwa uso. Nilidhani maneno hayo yangemrudisha kwenye blanketi. Kinyume chake, mama mkwe alitikisa kichwa kukubali, na usiku huo viatu vyake vilikuwa chini ya kitanda. Nimefikiri sana kwa nini. Naona hakutafuta mtu wa kumwambia kwamba hakuna hatari, maana maisha yamemfundisha kwamba ipo. Alitafuta mtu asiyemdanganya kuhusu mahali ilipo.

Dhana inayoongoza kazi hii inaitwa usalama wa kitamaduni. Ilikuzwa New Zealand kuanzia miaka ya 1980 na Irihapeti Ramsden, muuguzi wa Kimaori, na nguzo yake kuu ni kwamba anayeamua kama huduma ni salama ni yule anayehudumiwa, si anayehudumia. Ndiyo maana sioni haya kuandika tathmini kama hii ingawa sina cheti chochote cha fani hiyo.

Sasa nieleze kazi zake za kila siku. La kwanza alilolifanya ni kuomba ruhusa ya kusoma faili pamoja na mgonjwa. Tukakuta imeandikwa kwamba mgonjwa "hatoi ushirikiano". Maneno mawili hayo yangemfuata kutoka wodi hadi kliniki, na kila daktari mpya angemkuta amekwisha kuhukumiwa. Afisa hakuweza kuyafuta, kwa kuwa kumbukumbu za hospitali hazifutwi, lakini aliandika chini yake maelezo ya kwa nini mgonjwa alinyamaza, akamsomea mama mkwe kila sentensi kabla ya kuitia sahihi. Tangu hapo hakuandika lolote bila kumsomea.

Kisha lilikuja suala la kufukiza. Wakree wana mimea minne wanayoiheshimu, tumbaku, seji, mwerezi na nyasi tamu zilizosukwa kama nywele, na kabla ya jambo zito huchoma majani makavu ndani ya kombe la baharini, wakajipitishia moshi kichwani, machoni na kifuani. Mtu wa Tanga aliyelelewa na chetezo na ubani hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Lakini hospitali ina ving'ora vya moshi na mitungi ya oksijeni, na muuguzi mmoja alikuwa amekwisha kutuambia kwamba haiwezekani. Kumbe inawezekana, na utaratibu wake umeandikwa: kuna chumba chenye feni ya kutoa moshi, mafundi hupewa taarifa siku moja kabla ili wazime king'ora cha chumba hicho, na mgonjwa wa oksijeni hupangiwa namna yake. Afisa aliyajua hayo kwa moyo, akamleta na mzee wa kimila kutoka mjini, na akanikumbusha kwa sauti ya chini ninunue tumbaku ya kumpa mzee huyo kabla ya kumwomba chochote, kama kwetu mtu asivyokwenda kwa maalimu mkono mtupu. Daktari bingwa alikuja kupiga hodi katikati ya shughuli. Alisubiri nje kwa dakika ishirini, na simfahamu daktari mwingine aliyewahi kunisubiri mimi dakika tano.

Kikao cha familia kilifanyika wiki iliyofuata. Kanuni ya wodi ni wageni wawili. Sisi tulikuwa kumi na watano. Afisa alitafuta ukumbi wenye viti vya kutosha, akaviweka duara, akamwomba daktari achore utumbo kwenye karatasi kubwa na asionyeshe picha za kompyuta ambazo hakuna aliyezielewa. Humo ndimo lilipotoka jambo tulilolificha sote: mama mkwe alikuwa akinywa dawa ya mizizi aliyopikiwa na dada yake. Afisa hakushtuka wala hakukemea. Aliuliza tu kama mfamasia anaweza kuambiwa ni mizizi gani, na akauliza kwa dada mtu, mwenye dawa, si kwa mgonjwa. Mfamasia aliomba dawa isimamishwe siku za tibakemikali, yaani dawa za dripu za kuua saratani, na siku chache zinazofuata, na dada mtu akakubali kwa sababu yeye ndiye aliyeombwa.

Upande wa fedha na safari, serikali ya shirikisho ina mpango wa mafao ya afya uitwao Non-Insured Health Benefits, kwa kifupi NIHB, unaogharimia dawa, safari na malazi ya matibabu kwa watu wa Mataifa ya Kwanza waliosajiliwa na kwa Wainuiti. Kwa baba mkwe si msaada bali ni deni: Mkataba wa Sita, uliotiwa sahihi mwaka 1876 kati ya Taji la Uingereza na Wakree pamoja na majirani zao, una kifungu kinachoahidi sanduku la dawa, naye hukitaja kila anapoambiwa ajaze fomu upya. Ombi letu la kwanza la msindikizaji lilikataliwa. Afisa aliandika barua moja, akieleza kwamba mgonjwa akichoka Kiingereza humpotea na hubaki na Kikree peke yake, na kwamba bila mkalimani hawezi kuridhia matibabu kwa kuelewa; likakubaliwa. Niseme pia, kwa kuwa iliniuma, kwamba mama wa Kimetisi aliyekuwa kitanda cha jirani hakuweza kupata chochote katika mpango huo, kwa kuwa Wametisi hawamo. Afisa alimhangaikia kwa mifuko ya misaada na vocha za petroli, kazi ambayo kwa macho yangu ilimla muda kuliko matatizo yetu yote.

Kasoro ni za hospitali zaidi kuliko za mtu, ila mgonjwa hawezi kuzitenganisha. Afisa ni mmoja tu kwa jengo zima, anafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, na saa kumi jioni simu yake huingia kwenye ujumbe. Jumamosi moja homa ilimpanda mama mkwe, tukampeleka idara ya dharura, na pale hakuna aliyesoma yale maelezo ya faili: aliulizwa mara tatu anakunywa pombe kiasi gani, yeye ambaye hajaionja kwa miaka thelathini. Tulilalamika kwa maandishi na tukajibiwa kwa barua ya masikitiko isiyosema nani atabadilisha nini. Kadhalika, afisa alipokwenda likizo ya wiki sita hakuwekwa mtu wa kushika nafasi yake, na mizunguko miwili ya tibakemikali ilipita tukitafuta wenyewe ukumbi, mkalimani na risiti. Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza zile shule za bweni, ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua, na mmojawapo unadai wafanyakazi wenyeji wa asili waongezwe katika huduma za afya na wabakizwe katika jamii zao. Kuajiri mtu mmoja kisha kumwachia mzigo wa wote si kuuitikia.

Sikupendezwa pia na mafunzo ya wafanyakazi wengine. Wauguzi walitwambia wamesoma somo la utamaduni kwenye kompyuta, na mmoja aliniuliza kwa nia njema kabisa kama mama mkwe anapenda ngoma. Anapenda mchezo wa bingo.

Kama ningetakiwa kutoa nyota, ningempa afisa tano na hospitali mbili. Mama mkwe amemaliza tibakemikali, yuko nyumbani na wajukuu wake, na hurudi kwa vipimo kila miezi mitatu. Kwa mwenye ndugu au mkwe anayeanza safari hii, aiulizie huduma siku ya kusajiliwa asingoje kuelekezwa, aombe kusoma yaliyoandikwa kwenye faili, apige simu Ijumaa kabla ya saa sita mchana ikiwa kuna jambo lolote la mwisho wa wiki, na barua ya msindikizaji aiombe siku ile ile anayopewa tarehe ya dripu, maana jibu letu lilichukua siku tisa.