Ubadilishe nini kwanza ndani ya ampu ya gitaa: kuanzia spika hadi rezista

Mchoro wa umeme wa ampu ya bei nafuu si mbaya kama watu wanavyodhani. Ampu nyingi ndogo za valvu (taa za kioo zinazokuza sauti) bado zinafuata michoro iliyozaliwa miaka ya 1950, na mchoro hauongezi gharama kiwandani. Kinachoongeza gharama ni chuma, shaba, sumaku na mikono ya watu, na hapo ndipo kiwanda hubana. Rezista moja, kipuri kidogo cha kupunguza mkondo wa umeme, karibu ni bure, kwa hiyo kiwanda hakina sababu kubwa ya kukupunja kwenye rezista. Spika, jeki (tundu la kuchomekea kebo) na transfoma ni habari nyingine. Ndiyo maana orodha yangu inaanzia nje kwenda ndani, wakati wengi hukimbilia vikapasita vya rangi, vipuri vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme.

1. Spika

Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua spika. Hakuna kipuri kingine kitakachobadilisha sauti kiasi hiki, na huhitaji kugusa umeme wa ndani: unafungua skrubu nne au nane, unachomoa nyaya mbili, basi.

Kabla ya wati, soma desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Hizo hupimwa kwa wati moja, umbali wa mita moja. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu ya ampu maradufu, kwa hiyo ukitoa spika ya desibeli 97 ukaweka ya 100, ampu ya wati 15 itasikika kama ya wati 30. Wati zilizoandikwa kwenye spika hazisemi itapiga kwa sauti kubwa kiasi gani, zinasema itavumilia nguvu kiasi gani. Spika ya Celestion Greenback ya inchi 12 inavumilia wati 25, mwenzake Vintage 30 inavumilia 60. Kwa ampu ya valvu acha nafasi ya ziada, maana ukiisukuma mpaka sauti ipasuke, hutoa zaidi ya wati zilizoandikwa. Greenback moja kwenye ampu ya wati 15 inakaa salama. Kwenye ya wati 40, utaiunguza.

Omu, kipimo cha ukinzani wa spika, nazo hazina mjadala. Ampu ya valvu inayodai omu 8 ipewe omu 8, na kamwe usiiwashe bila spika, transfoma ya kutolea sauti inaweza kufa. Ampu ya transista, yaani isiyotumia valvu, ina kiwango cha chini cha omu. Ukiipa omu nyingi zaidi inapoteza nguvu lakini haiumii, ukiipa chache inaweza kuunguza transista zake.

Pima pia kina cha sumaku. Sumaku nene inaweza kugonga transfoma au valvu zilizo nyuma yake, na hilo hutaligundua mpaka spika iwe imeshafika. Na usiihukumu siku ya kwanza. Spika mpya ni kavu na kali juu, ukingo wa koni bado mgumu. Ipigie saa kadhaa kwa sauti ya kutosha ndipo useme.

2. Jeki na potensiometa

Hapa sauti haitakuwa tamu zaidi, ila ampu itaacha kukuaibisha jukwaani, na kwangu hilo lina thamani kuliko valvu yoyote.

Kwenye ampu nyingi za kiwandani, jeki ya plastiki imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Kila ukikanyaga kebo, nguvu yote inaishia kwenye lehemu. Chukua kioo cha kukuzia uangalie miguu ya jeki kwa chini: utaona duara jeusi jembamba kama unywele likiuzunguka mguu. Huo ni ufa. Sauti inakatika, unatikisa kebo, inarudi, na wewe unailaumu kebo. Kuilehemu upya kunasaidia kwa muda. Dawa ni jeki ya chuma inayofungwa kwa nati kwenye bati la ampu, kisha nyaya laini ziende kwenye bodi. Switchcraft na Neutrik zote zinafaa.

Jambo moja huwaponyoka wengi: hesabu miguu ya jeki ya zamani. Jeki ya kuingizia gitaa mara nyingi ina swichi inayopeleka njia ya sauti kwenye athi pale kebo ikichomolewa. Ukiweka jeki isiyo na swichi hiyo, ampu itavuma kila unapochomoa gitaa, nawe utadhani umeharibu kitu.

Potensiometa (kipuri kilicho nyuma ya kitufe cha kuzungusha) inayokwaruza isafishe kwanza kwa dawa ya kupulizia ya viunganishi, uizungushe mara ishirini hivi. Ikiendelea kukwaruza, badilisha. Nakili maandishi yote, si namba tu: kwenye nyingi za siku hizi A250K inapanda kwa kufuata sikio, B250K inapanda kwa mstari ulionyooka. Ukiweka B kwenye voliumu palipokuwa na A, sauti yote itajazana kwenye robo ya kwanza ya mzunguko.

3. Kapasita za kuchuja umeme, kama ampu ni ya zamani

Kuanzia hapa unaingia ndani, kwa hiyo tusikilizane. Kapasita za ampu ya valvu zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na umeme huo unaua. Zitoe chaji kwa rezista ya kiloomu 10, wati 5, iliyofungwa kwenye nyaya zenye vibanio vilivyofunikwa. Pima kwa mita hadi isome karibu sifuri, mkono mmoja ukiwa mbali na bati. Kama hujawahi kufanya hivyo, mpe fundi.

Kapasita za elektroliti hukauka. Baada ya miaka kumi na tano au ishirini ampu huanza kuvuma na besi inalegea. Nunua zenye alama ya nyuzi 105 za Selsiasi, si 85. Kila nyuzi 10 za joto unazopunguza, maisha ya kapasita huongezeka karibu maradufu, na ndani ya ampu ya valvu ni tanuri. Nichicon, Rubycon, Panasonic na F&T ni majina ya kuaminika, lakini pia ndiyo yanayoghushiwa, kwa hiyo nunua kwa muuzaji mkubwa wa vipuri. Volti zisiwe pungufu ya za awali, na chunguza upande wa hasi mara mbili kabla ya kulehemu. Ampu ikiwa mpya, ruka hatua hii.

4. Valvu

Gonga kila valvu ndogo taratibu kwa penseli ampu ikiwa imewaka. Inayolia kama kengele kwenye spika imechoka. Valvu ya kwanza karibu na jeki ndiyo yenye kusikika zaidi, na hapo unaweza kucheza: 12AX7 ina ukuzaji wa 100, 5751 ina 70, 12AT7 ina 60, 12AY7 karibu 45. Kama sauti ya ampu yako inapasuka mapema mno, 5751 itakupa nafasi ya kupumua. Valvu kubwa kama EL34 na 6L6 mara nyingi huhitaji kurekebishiwa bayasi (mkondo zinaopitisha zikiwa zimetulia), kwa hiyo gharama ya fundi iwe ndani ya bajeti.

5. Transfoma ya kutolea sauti

Ni kipuri kizuri, kizito na ghali. Kwenye ampu ndogo yenye transfoma ya kiwandani kama kiberiti, kubwa zaidi huleta besi iliyokaza. Lakini inunue ikiwa spika umeshabadilisha na bado unakosa kitu, la sivyo ongezea pesa hizo upate ampu bora.

6. Kapasita za kupitisha sauti, rezista na aisii

Kapasita ghali yenye thamani ileile na ya zamani haitaleta mabadiliko unayoweza kuyatambua ukiwa na gitaa mkononi. Wanaosikia besi zaidi mara nyingi wametoka 0.022 kwenda 0.1 mikrofaradi, na hiyo ni thamani, si chapa. Rezista naweza kukushauri moja tu: ampu ikichakacha hata voliumu ikiwa chini, na valvu ni nzima, badilisha rezista za anodi (zinazopeleka umeme kwenye valvu ndogo), aghalabu kiloomu 100, uweke za filamu ya chuma. Kwa ampu za transista, kubadilisha aisii (chipu ndogo inayokuza sauti) ya 4558 kwa TL072 ni kazi nyingi kwa tofauti ndogo mno. Huko weka spika, weka jeki ya chuma, ufunge kifuniko.