Faiba ya mtaani kwetu Malindi: tathmini ya miezi minane

Tangu Novemba nimekuwa nikilipa shilingi 2,500 kila mwezi kwa laini ya faiba (intaneti ya waya wa nyuzi za kioo) ya megabiti 20 kwa sekunde, inayoingia katika saiba yangu, yaani duka la huduma za kompyuta na mtandao, hapa Malindi kutoka kwa kampuni ndogo ya hapa Pwani. Jina lake silitaji, kwa sababu kasoro nitakazozieleza si zake peke yake. Naandika kwa ajili ya wenye saiba, walimu na wafanyabiashara wa miji midogo wanaojiuliza kama wakati umefika wa kuachana na bando za simu. Naandika pia kwa sababu mjadala wa mtandao wa kasi wa taifa letu umekuwa ukiendeshwa kwa hesabu ya kilomita, ilhali anayelipa bili yuko mwisho wa waya, na huduma hupimwa hapo alipo yeye.

Nianze na sifa, maana laini hii inazistahili. Siku ya kufungiwa, mafundi wawili walifika saa tatu asubuhi, wakavuta waya mweusi kutoka kwenye sanduku lililo juu ya nguzo ya stima karibu na msikiti, wakaupitisha juu ya paa la jirani baada ya kumwomba idhini kwa adabu, na kabla ya adhuhuri taa ya rauta ilikuwa imeshageuka kijani. Nikipima kasi asubuhi napata kati ya megabiti 19 na 20, kupakua na kupakia. Hilo la kupakia wengi hawaliulizi wanaponunua, nami nawasihi waliulize kwanza, kwa sababu kazi ya saiba kwa kiasi kikubwa ni kupeleka vitu juu: vyeti vilivyoskaniwa, picha za pasipoti, fomu za mkopo wa masomo wa HELB, maombi ya kujiunga na vyuo. Zamani, kwa bando ya simu, cheti cha kurasa nne kiliweza kukwama mara mbili au tatu huku mteja amesimama mlangoni akihesabu nauli yake ya kurudi Gongoni. Sasa kinaondoka kabla hajamaliza kukunja karatasi zake.

Jioni mambo hubadilika. Kuanzia saa moja hadi saa nne usiku kasi hushuka hadi megabiti tisa au kumi na moja, na sababu yake inaeleweka. Katika mfumo unaotumika mitaani, uzi mmoja wa kioo hugawanywa kwa nyumba nyingi, aghalabu 32 au 64, na juu ya hapo kampuni yenyewe hununua kiasi fulani cha intaneti kwa jumla na kukigawa kwa wateja wake wote. Watoto wakirudi shule na watu wazima wakitoka kazini, kila mtu anachota kisima kimoja. Nimewaambia waongeze kiasi wanachonunua, wakaahidi. Kuhusu stima, ushauri wangu ni mfupi: nunua betri ndogo ya rauta, kwani faiba hubaki hai hata mtaa ukiwa gizani, alimradi rauta yako ina umeme na kampuni nayo ina akiba ya kwao.

Kasoro iliyonifanya nikae chini kuandika ilitokea wiki ya mwisho ya Juni, ambayo kwa mwenye saiba nchini Kenya ndiyo wiki ya mavuno, kwa kuwa ripoti za kodi za kila mwaka sharti ziwe zimefika KRA, mamlaka ya mapato, kabla ya tarehe 30 kwisha. Tingatinga lililokuwa likichimba mtaro wa maji ya mvua kando ya barabara lilikata waya mkuu unaolisha mtaa wetu. Mtandao ulipotea saa nne asubuhi ukarudi siku ya tatu alasiri. Nilipiga simu ya huduma kwa wateja mara kumi na moja. Kampuni yangu ilisema waya uliokatwa si wake, umekodishwa kutoka kwa kampuni kubwa zaidi. Hiyo kubwa ikasema mkandarasi wa mtaro ndiye anayepaswa kugharimia. Mkandarasi akasema hakuna ramani yoyote aliyopewa kuonyesha kwamba pale chini pana waya. Wakati huo mama mmoja muuza samaki, ambaye kila mwaka mimi humjazia ripoti yake, alikuwa ameketi kwenye benchi na kitambulisho mkononi. Aliniuliza, “Mwanangu, hao watanisubiri?” Nikamjibu, “Mama, hawasubiri, lakini leo hutoki hapa bila risiti.” Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi huanzia shilingi 2,000, na kwake hizo ni pesa za samaki wa siku nzima. Ripoti yake niliituma kwa bando ya simu, ikachukua karibu saa moja. Wengine walionifuata hawakuwa na saa moja ya kungoja, wakaondoka.

Siku ya tatu fundi alikuja, nikaenda kumtazama. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa chini ya mwarobaini, akavua ganda la waya kwa koleo mpaka ukabaki uzi wa kioo wenyewe, mwembamba kama unywele. Akaufuta kwa kitambaa chenye spiriti, akaisawazisha ncha yake kwa kikatio, kisha akalaza ncha mbili ndani ya mashine ndogo yenye skrini. Pale kwenye skrini zilionekana zimekuzwa kama magogo mawili yanayotazamana. Zikasogeleana, cheche ikapiga mara moja, zikawa uzi mmoja. Akafunika kiungo kwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto, akaanza uzi wa pili. Nyuzi zilikuwa 24, na kazi yote haikufika saa mbili. Zile siku tatu zilizopotea, basi, zilikwenda katika kutafuta ni nani mwenye wajibu wa kumtuma fundi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na jinsi mjadala wa kitaifa unavyoendeshwa. Kenya imepiga hatua ambazo ni haki kuzisifu. Mwaka 2009 mkongo wa TEAMS, waya mkuu wa faiba upitao chini ya bahari, uliwasili Mombasa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, kwa ubia wa serikali na kampuni binafsi uliosukumwa kwa bidii kubwa na Bitange Ndemo, aliyekuwa katibu wa kudumu wa wizara ya mawasiliano, na mwaka huohuo mkongo mwingine, SEACOM, nao ukaanza kazi. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti za zamani kwa bei iliyowafaa mabenki na mashirika makubwa tu. Serikali ikatandaza mkongo wa nchi kavu kuelekea wilayani, na utawala wa Rais William Ruto ukaahidi kilomita 100,000 za faiba, vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma, na kituo cha kidijitali katika kila wadi kati ya wadi 1,450. Nayaunga mkono hayo yote. Ila katika ahadi hizo mimi natafuta sentensi moja inayosema waya ukikatwa utarudishwa ndani ya saa ngapi na nani atawajibika, nami sijaiona ikipewa uzito ule unaopewa kilomita.

Baharini jambo hili limeshafikiriwa. Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na mtandao ukazorota Afrika Mashariki nzima, utaratibu wa kutengeneza ulikuwepo tayari: wenye mikongo hulipia mapema meli za matengenezo zinazokaa bandarini zikisubiri, kama Léon Thévenin yenye makao yake Cape Town. Mkongo wa baharini una meli yake kabla haujakatika. Waya wa mtaa wetu haukuwa hata na alama ya onyo iliyochomekwa ardhini.

Wapo wanaosema tusijichoshe na mitaro, setilaiti za intaneti za Starlink zimefika tangu Julai 2023 na zitamaliza kazi. Kwa mkulima wa Bura au mwalimu wa kisiwa kimoja cha Lamu, nakubali kwa moyo wote, na sikuipenda hata kidogo barua ambayo kampuni ya simu ya Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano mwaka 2024 ikitaka watoa huduma za setilaiti walazimishwe kushirikiana na kampuni za hapa. Lakini mwishoni mwa mwaka huohuo Starlink yenyewe ilisitisha kupokea wateja wapya Nairobi kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Penye msongamano wa watu, waya hauna mbadala.

Wengine husema faiba ifike tu hadi sanduku la barabarani, sehemu iliyobaki itajipa. Australia ilijaribu njia hiyo. Mwaka 2009 serikali ya huko ilitangaza mtandao wa taifa wa dola bilioni 43 za nchi hiyo, wenye faiba hadi ndani ya nyumba na ofisi kwa asilimia 90. Baada ya uchaguzi wa 2013 serikali mpya ikaamua kutumia waya za shaba za simu za zamani kwa sehemu ya mwisho katika maeneo mengi ili kuokoa pesa na muda. Kuanzia mwaka 2020 imebidi zitengwe fedha nyingine, mabilioni ya dola, ili faiba iwafikie wengi walioachwa kwenye shaba. Sehemu ile fupi waliyoiruka wameilipia mara mbili.

Kwetu chombo cha kulipia sehemu hiyo kipo. Kampuni za mawasiliano huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ghafi katika Hazina ya Huduma kwa Wote, na mimi ningependa sehemu ya fedha hizo ijenge mifereji ya pamoja ambayo kampuni yoyote inaweza kupitishia nyaya zake, na iwalipe mafundi wa zamu katika kila kaunti. Serikali za kaunti nazo, ambazo hutoza ada kila waya unapopita ardhini mwao, zitunze ramani ya nyaya hizo na kumpa kila mkandarasi kabla hajashusha jembe.

Kwa anayetaka alama, laini yangu naipa nane kwa kumi kwa kasi ya mchana, sita kwa jioni, tisa kwa adabu na ufundi wa waliokuja kufunga, na mbili kwa siku ya kukatika. Nimelipia mwezi mwingine na nitaendelea. Wiki iliyopita niliomba bei ya kuvutiwa laini shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara, ambako walimu hutuma matokeo kwa simu zao wenyewe. Nilijibiwa kwamba zinahitajika nguzo nne mpya, na kila nguzo italipiwa na mteja. Kutoka sanduku la karibu msikitini hadi lango la shule nimepima kwa hatua zangu: si zaidi ya mita 300.