Steshenari za Mtwara mjini na mwalimu anayetoka darasani

Steshenari za Mtwara mjini kuchapa wanajua, kushauri, bado. Wasifu wa kila mwalimu hutoka na mstari uleule, "nimefundisha Hisabati miaka saba," ilhali anayeomba kazi ya mradi wa elimu kule Nanyumbu au Liwale anatakiwa aoneshe alichobadilisha: watoto wangapi wa darasa la tatu hawakujua kusoma, wangapi walijua baada ya mihula miwili, wasichana wangapi kati yao. Nenda na tarakimu hizo umeshaziandika.

Kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, wana mkono mwepesi, tena mno. Kabla hawajatuma, kagua: vyeti viwe vyenyewe, si karatasi ya matokeo; barua iwe na saini; aliyeko serikalini awe amepitisha barua kwa mwajiri. Cheti kilichopigwa picha kwa simu, kivuli cha kidole juu ya jina, ni kujitakia balaa. Na nywila baki nayo mwenyewe, maana wengine husajili akaunti yako kwa baruapepe ya dukani.

Anayetaka ukuu wa shule au uthibiti ubora, yaani ukaguzi wa shule, steshenari hapati kitu. Stashahada zake zipo ADEM, wakala wa serikali wa mafunzo ya uongozi wa elimu, Bagamoyo. Ruhusa ya masomo iombwe kwa mkurugenzi wa halmashauri mapema, kabla dirisha la udahili halijafunguliwa.