Programu ya stoku ya agroveti: toleo jipya limejifunza kubisha hodi

Najua wengi mnataka kuuliza kama risiti zinatoka na kama eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa KRA, inakubali. Zinatoka, inakubali, twende mbele. Mimi naipima programu hii kwa namna inavyoingia kwenye kompyuta, maana hapo ndipo ilipotutesa.

Agroveti yetu iko Nakuru, wateja wengi wanatoka Bahati na Njoro. Tuna karani wa asubuhi na wa jioni, kila mmoja na akaunti yake ya Windows isiyo na mamlaka ya admini. Nimeweka hivyo makusudi. Anayeuza dawa ya kupe hahitaji uwezo wa kubadilisha mfumo mzima, hasa kwenye kompyuta ambayo WhatsApp imefunguliwa kutwa na kila mtu anatuma faili.

Toleo la zamani halikutaka kusikia habari hiyo. Kisakinishi chake, yaani faili la kuiweka programu kwenye kompyuta, hakikuwa na sahihi ya kidijitali ya kuthibitisha kampuni iliyokitengeneza, kwa hiyo Windows ilionya kwamba mtengenezaji hajulikani. Nikampigia fundi wao. "Madam, zima tu antivairasi, halafu wape wote admini." Nikamwambia, "Kijana wangu, basi na mlango wa duka niuache wazi?" Akacheka, lakini jibu lingine hakuwa nalo.

Balaa lenyewe lilikuwa kwenye hesabu. Karani wa jioni anauza dawa ya minyoo, asubuhi mwenzake anakuta kompyuta inasema chupa bado zipo, na kwenye rafu hakuna kitu. Nusura wakosane, kila mmoja akidhani mwenzake anafuta mauzo. Kumbe programu ilikuwa inaandika data yake ndani ya Program Files, folda ya Windows ya kuwekea programu, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika. Tangu Vista ya mwaka 2007, programu ya kizamani ikijaribu hivyo Windows haiikatalii waziwazi. Inachukua maandishi hayo na kuyaweka kimyakimya kwenye folda iitwayo VirtualStore, ndani ya akaunti ya aliyeingia. Duka moja, stoku mbili, na makarani wote wawili wakweli.

Kulikuwa pia na kijiprogramu cha printa chenye neno "update" kwenye jina la faili. Programu za zamani zenye neno hilo, au "setup", Windows huzishuku kuwa ni visakinishi, basi ikawa inadai pasiwadi ya admini kila karani akikifungua. Mteja amesimama na mbuzi mgonjwa nyumbani, sisi tunatafuta pasiwadi.

Toleo jipya limerekebisha karibu yote. Kisakinishi kina sahihi, jina la kampuni linaonekana kwenye dirisha la ruhusa, na pasiwadi yangu iliombwa wakati wa kusakinisha tu. Programu imekaa Program Files, data imekwenda ProgramData, folda ya data inayotumiwa na akaunti zote, na makarani wamepewa ruhusa ya kuandika kwenye folda hiyo moja peke yake. Antivairasi haikuguswa. Sasa wa jioni akiuza, wa asubuhi anaona.

Alama kamili siwapi. Kwenye faiawoli, kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao, kisakinishi kilijifungulia njia hata kwa mitandao ya umma, ilhali kompyuta ya pili iko chumba cha nyuma kwenye mtandao wetu wenyewe. Nimeibana ibaki mtandao wa ndani na kazi inaendelea vizuri. Wangeanzia hapo.

Kama duka lako lina makarani wa zamu, lipia toleo jipya. Ila kabla ya kusakinisha, nakili VirtualStore ya kila akaunti, kwa sababu kisakinishi kinahamisha data ya aliyeingia wakati huo tu. Za wengine zinabaki kule kule, na utaziunganisha kwa mkono.