Uzoefu wangu: kiti cha enzi kisichokalika

Jamani mimi si mtu wa kulalamika lakini hili limenikaa rohoni tangu harusi, acha niliseme.

Mtoto wa dada yangu alikuwa anaolewa, mie kwa kiherehere changu nikajitwika la kiti cha kupambia. Kukodi bei ilinikausha koo. Nikasema nina kiti cha mezani cha marehemu mama, mbao ngumu, kizima, kina na mikono, nitampelekea fundi mmoja hapa mtaani Langoni, Lamu, anigeuzie kiwe kiti cha enzi. Tukakubaliana elfu nane na bahameli nitoe mie. Nikamwambia kwa mdomo wangu huu, fundi, hiki kina vanishi ya zamani, kipige msasa kwanza mpaka mbao ionekane ndo upake dhahabu. Akasema mama usiwe na wasi, kazi hii nimezaliwa nayo.

Kikaja siku yenyewe ya kupamba, alasiri, juu ya punda, na taji lake la plaiwudi lishakwaruza kuta za vichochoro vyote mpaka limelala upande. Sawa, hilo nikalisamehe. Na nisiwe mwongo, kilipofunuliwa shuka watu walipiga vigelegele bibi harusi mwenyewe hajatoka. Mgongo umepandishwa juu, bahameli nyekundu imevutwa haina hata kunyanzi moja, vifungo vimezama safu kwa safu. Nikavimba kichwa wallahi.

Bibi harusi akakaa. Joto la Lamu mnalijua, ua umejaa wanawake, turubai juu, asumini na udi, jasho linatiririka na yeye kashika mikono ya kiti kama alivyofundishwa. Alipoinuka nikasikia mtu kasema yallah. Hina ya siku mbili, ua kwa ua, yote imezama ndani ya dhahabu, viganja vinang'aa kama ametoka kuparua changu, na kwenye kiti rangi inabanduka vipande vipande kama magamba. Mikono ya gauni usiulize. Jirani akaleta mafuta ya nazi afute, ndo ikasambaa mpaka viwikoni.

Msasa hakupiga. Kamwaga spreyi juu ya vanishi, basi.

Nikampigia simu usiku ule ule na chakacha inalia nyuma yangu. Mnajua alinijibu nini? Akacheka, akasema, "Mama, hicho ni kiti cha kupigia picha, nani alikwambia mtu akae?"

Kiti. Mtu asikae. Nalirudia mpaka leo nikichambua mchele.

Nendeni pale makumbusho hapa hapa Lamu mkaone kiti cha enzi ni nini, mpingo mweusi umetiwa nakshi ya pembe, mgongo umesukwa kwa kamba, kina mpaka pa kuwekea miguu. Wazee walimkalisha mgeni wao wa heshima na kanzu yake nyeupe akaondoka nayo nyeupe. UNESCO wametuandika urithi wa dunia tangu 2001 halafu fundi wetu hajui kazi ya msasa! Nilikuwa nimpe sifuri.

Lakini sasa picha zimetoka... picha ni nzuri jamani, siwezi kusema uongo. Wakwe wanauliza kiti kimetoka Dubai ama wapi. Na ile bahameli kweli kaijua, watoto wanaruka juu yake kila siku na hakijatoka kifungo hata kimoja. Dhahabu nimeikwangua mwenyewe wikendi mbili, kiti kimebaki na mbao yake ya zamani na mgongo mwekundu, na nahisi kimependeza kuliko mwanzo, ingawa sitamwambia yeye.

Kwa hivyo kwa kushona nampa tano, kwa rangi hana kitu, kwa mdomo wake adaiwe yeye. Jana jirani ana harusi kaniomba namba ya fundi, nimempa. Nikamwambia tu, umwambie mapema kwamba bibi harusi ana nia ya kukaa.