Kipimo cha PCR cha choo kwa mtoto: kwetu kilistahili bei yake

Kama mtoto wako ameambiwa ana amiba, amemaliza dawa na bado anaharisha, muulize daktari kuhusu kipimo hiki kabla ya kununua chupa nyingine ya Flagyl.

Huku kwetu Mombasa kuharisha kokote huitwa amiba. Lakini kwenye hadubini Entamoeba histolytica, inayojeruhi utumbo, na Entamoeba dispar, isiyodhuru, hufanana mno hata mpimaji hodari hawezi kuapa ameona ipi. Na kipo kijidudu kingine, Cryptosporidium, ambacho kipimo cha kawaida cha choo hukikosa kwa urahisi, kwa kuwa huhitaji kutiwa rangi maalumu ndipo kionekane vizuri. Daktari wa mwanangu alitushauri PCR, ile ile tuliyoizoea wakati wa korona: mashine hunakili vinasaba vya kijidudu mara nyingi mno, hata kama kipo kidogo kigundulike.

Choo kisitiwe fomalini, huharibu vinasaba. Mashine waliyotumia humaliza kazi kwa takriban saa moja, na hutafuta bakteria na virusi papo hapo.

Majibu: histolytica hakuna, Cryptosporidium ipo. Flagyl haiiui! Dawa zote zile chungu nilizokuwa nikimbembeleza azimeze hazikuwa za ugonjwa wake. Akaandikiwa nitazoksanaidi, na daktari akaniuliza, "Mama, maji ya kunywa mnayatibu vipi?" Nikamwambia twatia klorini. Kumbe klorini kwa kiasi tunachotia majumbani haikiui kijidudu hiki. Kukiua ni kuyachemsha maji mpaka yatokote. Hapo ndipo nilipoona thamani ya pesa yangu, maana nyumbani nina watoto wengine wanaokunywa mtungi huo huo.

Bei ni kubwa, na inaniuma kwamba wazazi wengi hawataimudu. Tena si kipimo cha kila kitu: chetu hakikuwa na safura, mchango wala kichocho, kwa hiyo mwenye wasiwasi wa minyoo bado anahitaji hadubini. Wala usikimbilie kukirudia mara mtoto apatapo nafuu, kwani vinasaba vya vijidudu vilivyokwisha kufa vyaweza kuonekana bado.

Orodha ya vijidudu hutofautiana mashine na mashine. Iombe uisome kabla hujalipa.