Kusaka virusi vinavyoenezwa na mbu: kizimba cha kima au mtego wa mbu?

Mwaka 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, ng'ambo ya ziwa kwetu sisi wa Mwanza, watafiti wa homa ya manjano walimweka kima kizimbani juu ya mti. Akashikwa na homa. Damu yake ikafichua virusi vya Zika. Mwaka uliofuata vikapatikana kwa mbu wa msitu huohuo.

Kima hung'atwa na mbu wengi na homa yake inakushtua, ila kumtunza ni ghali, na anayeumwa ni yeye, maskini. Kwa mtego, mbu unanasa maelfu, ila wengi hawana virusi.

Kwa homa ya dengi ya mjini mimi nachagua mtego: mbu aina ya Aedes wa kwenye matairi chakavu na ndoo za maji huitoa kwa mtu na kumpa mtu. Tumbili wa kisiwa chetu cha Saanane tusiwasingizie.